Joto la Mashine Likiyumba, Usikubali Kukatwa Mshahara Kabla Sababu Haijajulikana



Katika mikutano ya matawi, hasa matawi ya viwanda vinavyopakia majani ya chai, sukari na sabuni, kuna lalamiko moja linalorudi kila mara. Paketi zinavuja. Mshono wa nailoni haukushika, au umeungua na kupasuka. Msimamizi anahesabu paketi mbovu, anaandika jina la mama aliyekaa kwenye mashine, na mwisho wa mwezi fedha zake zinapungua. Akiuliza kosa lake, anajibiwa kwamba hakuwa makini.

Yawezekana kweli mtu hakuwa makini. Lakini yawezekana pia kwamba mashine yenyewe ilikuwa inapandisha na kushusha joto kila baada ya sekunde chache, na hakuna binadamu ambaye angefunga paketi nzuri kwenye mashine ya namna hiyo. Nani ataamua ni lipi kati ya hayo mawili? Kama sisi hatujui mashine inavyopima joto lake, ataamua msimamizi peke yake.

Makala hii inaeleza namba zipi ndani ya mashine huweza kuwekwa vibaya, na dalili zipi mfanyakazi anaweza kuziona kwa macho na kuzisikia kwa masikio bila kufungua kitu chochote. Huhitaji kuwa fundi. Anayejua kugawa na kuzidisha ataifuata.

KIJISANDUKU CHENYE NAMBA

Mashine ya kufunga paketi ina vyuma viwili vinavyobana nailoni. Ndani ya chuma mna hita, yaani kijiti cha umeme kinachotoa joto. Karibu na hita pamewekwa sensa, ambayo ni kipima joto kidogo chenye waya mbili. Waya hizo huenda hadi kwenye kijisanduku chenye namba zinazowaka. Kwa kawaida namba ya juu ni joto lililopo sasa, na namba ya chini ni joto linalotakiwa.

Ndani ya kijisanduku mna chipu ndogo yenye programu iliyoandikwa na mtengenezaji. Chipu hulinganisha zile namba mbili, kisha huamua hita iwake au izime. Lakini chipu haiwezi kubeba umeme wa volti 240. Kazi yake ni kutoa amri tu, na amri hiyo hupokewa na swichi. Swichi ziko za aina mbili. Moja ni rilei, yenye vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Hiyo utaisikia ikilia "tak, tak". Ya pili ni swichi ya elektroniki, ambayo haina kitu kinachocheza na haitoi sauti.

Basi wahusika wa joto ni wanne: sensa, chipu, swichi na hita. Mfanyakazi anayeweka paketi kwenye mashine hayumo kati ya hao wanne. Tukumbuke hilo tutakapofika kwenye mambo ya mshahara.

NAMNA MASHINE INAVYOPATA NUSU YA JOTO

Pasi ya umeme ya nyumbani huwaka mpaka ipite joto lililowekwa, ndipo izime; ikishapoa sana, huwaka tena. Joto lake hupanda na kushuka muda wote. Kwa kunyoosha shati si neno. Kwa kufunga nailoni haitoshi, kwa sababu joto likipungua mshono haushiki, na likizidi nailoni inayeyuka.

Mashine za viwandani hutumia njia nyingine. Chukueni mfano wa pampu ya kumwagilia kitalu cha miche. Pampu ina kasi moja tu. Ukitaka nusu ya maji huwezi kuiambia izunguke nusu. Lakini ukiiendesha dakika 5 na kuizima dakika 5, kwa saa nzima umepata nusu ya maji. Ukitaka robo, unaiendesha dakika mbili na nusu katika kila dakika 10.

Hita nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Chipu huchukua kipindi fulani, tuseme sekunde 20, na kukigawa. Ikitaka nusu ya nguvu, huwasha sekunde 10 na kuzima sekunde 10. Ikitaka robo, huwasha sekunde 5 na kuzima 15. Kwenye vitabu vya mafundi jambo hili huandikwa kwa herufi PWM. Maana yake ni kubadili upana wa mpigo: mpigo ndicho kile kipindi cha kuwaka, nao hupanuliwa au kufinywa kadiri joto linavyotakiwa.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti. La kwanza ni sehemu ya muda ambayo hita inawaka, na hiyo chipu huibadilisha yenyewe kila mara. La pili ni urefu wa mzunguko mzima, yaani zile sekunde 20. Huo haubadiliki wenyewe. Uliwekwa na mtu: mtengenezaji, au fundi aliyefunga kijisanduku. Na hapo ndipo mambo mengi huharibika.

HESABU YA CHUMA CHEPESI NA CHUMA KIZITO

Je, sekunde 20 ni nyingi au chache? Jibu linategemea uzito wa chuma kinachopashwa moto.

Kilo moja ya chuma cha pua huhitaji kiasi cha jouli 500 ili ipande joto kwa digrii moja. Hita ya wati 500 hutoa jouli 500 kila sekunde. Sasa tuseme mashine yetu ya paketi ina chuma cha kilo moja, hita ya wati 500, na ili joto litulie inahitaji nusu ya nguvu, yaani wati 250, kufidia joto linalopotea hewani na kwenye nailoni.

Mzunguko ukiwa sekunde 20, hita itawaka sekunde 10. Katika sekunde hizo inatoa wati 500, wati 250 zinapotea, na wati 250 zinabaki kwenye chuma. Wati 250 kwa sekunde 10 ni jouli 2,500. Gawanya kwa 500, unapata digrii 5. Kisha hita inazima sekunde 10 na chuma kinashuka digrii 5. Kwa hiyo joto linapanda digrii 5 na kushuka digrii 5, mara tatu kila dakika, siku nzima, hata kama kila kitu kingine ni kizima kabisa.

Badili mzunguko uwe sekunde 2. Hita inawaka sekunde moja tu kila mara. Wati 250 kwa sekunde moja ni jouli 250, nayo ni nusu digrii. Mashine ni ileile na umeme ni uleule, lakini joto limetulia mara kumi zaidi.

Sasa twende kwenye kiwanda cha mabeseni na madumu. Pale plastiki huyeyushwa ndani ya bomba nene la chuma. Tuseme sehemu moja ya bomba ina kilo 50 na hita ya wati 2,000, nayo inahitaji nusu ya nguvu. Kwa mzunguko wa sekunde 20, wati 1,000 zinabaki kwenye chuma kwa sekunde 10, jumla jouli 10,000. Lakini kilo 50 zinahitaji jouli 25,000 kwa digrii moja. Joto linapanda kwa sehemu 4 za kumi za digrii tu. Hakuna atakayeliona.

Mnaona basi, ndugu, kwamba sekunde 20 zinafaa kwa bomba zito na zinaharibu kazi kwenye chuma chepesi. Fundi akitoa kijisanduku kwenye mashine ya madumu na kukifunga kwenye mashine ya paketi bila kubadili namba hiyo, ameweka ugonjwa ndani ya mashine. Na kijisanduku hakitalalamika. Kitaendelea kuonyesha namba zake kama kawaida.

MZUNGUKO MFUPI HUUA RILEI

Mtu atasema: basi mizunguko yote iwe mifupi, mambo yaishe. Haiwezekani, kwa sababu ya rilei.

Kila rilei inapofunga na kufungua, cheche ndogo hula vyuma vyake. Rilei nyingi ndogo hutajwa na watengenezaji kuwa zitadumu kiasi cha mara 100,000 zikibeba mzigo wao kamili. Hiyo inaonekana namba kubwa, lakini tuihesabu. Mzunguko wa sekunde 20 ni mara 180 kwa saa, na kwa kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana ni mara 4,320 kwa siku. Gawanya 100,000 kwa 4,320, unapata siku 23. Mzunguko wa sekunde 2 ni mara 43,200 kwa siku. Rilei hiyo itafikia mwisho wake siku ya tatu.

Mzigo ukiwa mdogo rilei hudumu zaidi, na kontakta kubwa huvumilia zaidi. Lakini kanuni haibadiliki: mzunguko ukifupishwa mara kumi, uhai wa rilei unapungua mara kumi. Ndiyo sababu mafundi huweka sekunde 20 au zaidi penye rilei, na sekunde 1 au 2 penye swichi ya elektroniki. Mashine yenye chuma chepesi inahitaji swichi ya elektroniki. Mwajiri anayeweka rilei hapo kwa kuwa ni rahisi ana mambo mawili tu ya kuchagua: joto liyumbe, au rilei ife kila mara. Yote mawili hayamhusu mfanyakazi.

TAIMA ILIYO NDANI YA CHIPU

Siku hizi vijisanduku vingi vinavyokufa havibadilishwi kwa vipya. Fundi wa mjini hutengeneza bodi yake kwa chipu ya bei nafuu, kama zile za Arduino, ambazo zilianzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Hatuwalaumu mafundi hawa. Wengi ni hodari na wameokoa ajira nyingi kwa kufufua mashine. Lakini lazima tujue bodi hizi zinavyohesabu muda.

Ndani ya chipu kuna saa inayopiga haraka mno. Kwenye bodi ya Arduino ya kawaida hupiga mara 16,000,000 kwa sekunde. Taima ni kama mnyapara anayehesabu mapigo hayo, na akifika mwisho wa hesabu huanza tena sifuri. Kasi ikiwa kubwa mno, huwekwa kigawanyo ili ahesabu pigo moja katika 64, au moja katika 1,024.

Fundi asiyebadili chochote, akatumia amri ya PWM iliyo tayari kwenye programu, atapata mipigo kiasi cha 490 kwa sekunde, au 976 kwenye baadhi ya miguu ya chipu. Hiyo inafaa kwa kupunguza mwanga wa taa ndogo. Kwa rilei haifai kabisa: rilei huhitaji kiasi cha elfu 10 za milioni za sekunde ili kufunga, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, na hapo inaamriwa ifunge na kufungua mara 490. Itanguruma, itapata moto, au itabaki imeganda upande mmoja.

Swichi ya elektroniki nayo itachanganyikiwa. Umeme wetu hubadili mwelekeo mara 50 kwenda na mara 50 kurudi kila sekunde, na aina ya swichi inayotumika sana kwenye hita huwaka tu pale umeme unapopita sifuri, yaani nafasi 100 kwa sekunde. Kuipigia mara 490 ni sawa na kumwita mara 490 mtu anayesikiliza mara 100. Atasikia baadhi na kukosa nyingine, na nguvu inayofika kwenye hita haitakuwa ile iliyoamriwa. Lakini mzunguko ukiwa sekunde moja, zile nafasi 100 zinagawanyika vizuri: kila nafasi moja ni asilimia moja ya nguvu.

Hata taima kubwa ya chipu hiyo, yenye kuhesabu hadi 65,536, ikiwekewa kigawanyo cha 1,024 hufika mwisho baada ya sekunde 4 na kidogo. Mzunguko wa sekunde 20 hauingii humo. Fundi anayetaka sekunde 20 lazima aandike programu ihesabu mara nyingi na kujumlisha. Anayejua hufanya hivyo bila shida. Basi mwakilishi wenu anapoambiwa kuwa bodi mpya imefungwa, aulize swali moja la kistaarabu: "Fundi, mzunguko wa hita umeuweka sekunde ngapi, na swichi ni ya aina gani?" Fundi anayejua kazi atajibu mara moja. Asiyejibu, jambo hilo liandikwe.

HERUFI TATU: P, I NA D

Zaidi ya mzunguko kuna namba tatu nyingine, ambazo huandikwa P, I na D. Kwa ufupi, ya kwanza inaeleza chipu ijibu kwa nguvu gani joto likitofautiana na linalotakiwa. Ya pili inajumlisha makosa yaliyopita, ili upungufu mdogo unaokaa muda mrefu usahihishwe. Ya tatu inatazama kasi ya joto, ili breki ikamatwe kabla ya kupita kiasi.

Njia ya kuzipanga ilitolewa na wahandisi wawili wa Marekani, Ziegler na Nichols, mwaka 1942. Huongezwa nguvu ya kujibu mpaka joto lianze kupanda na kushuka kwa mpango usiobadilika, kisha hupimwa urefu wa wimbi hilo, na kutokana na nguvu hiyo pamoja na urefu huo huhesabiwa namba zote tatu. Vijisanduku vingi vya leo vina kitufe cha kujipanga vyenyewe. Lakini kujipanga huko kufanywe mashine ikiwa kwenye joto la kazi na kwa hita ileile itakayotumika. Kikifanywa mara moja wakati wa kufunga mashine, halafu hita ikabadilishwa kuwa kubwa zaidi, namba zile hazifai tena.

Jambo moja linahusu nchi zetu zote. Umeme ukikatika na kurudi, hita huwaka kwa nguvu zote kufidia upungufu, na ile namba ya pili hujumlisha makosa mengi wakati wa kupasha. Programu ikiwa haikuwekewa kikomo, joto litapita kiwango kwa digrii nyingi kabla ya kutulia. Paketi za mwanzo baada ya umeme kurudi huungua kwa sababu hiyo. Mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya paketi anapata hasara mara mbili: anakaa bure akisubiri chuma kipate moto, kisha anahesabiwa paketi zilizoungua.

PALE AMBAPO NI HATARI YA MAISHA

Mpaka hapa tumezungumza paketi na fedha. Sasa tuzungumze moto.

Kwanza, rilei iliyochakaa haifi ikiwa wazi kila mara. Mara nyingi vyuma vyake huungana kwa cheche na kushikana. Hapo chipu inaamuru "zima" na hita inaendelea kuwaka. Swichi ya elektroniki nayo ikiharibika huwa na tabia hiyohiyo ya kubaki imefungwa.

Pili, sensa ikichomoka mahali pake hupima hewa ya chumba. Chipu inaona baridi, inaamuru nguvu zote, na chuma kinaendelea kupanda wakati namba inasema digrii 30.

Tatu, programu inaweza kuganda. Ikiganda wakati mguu wa chipu umeamuru "washa", hita itabaki inawaka. Kwa ajili hiyo chipu huwa na taima nyingine ya ulinzi, ambayo huianzisha upya programu isipotoa ishara kwa muda. Lakini taima hiyo hufanya kazi pale tu ambapo mwandishi wa programu ameitumia.

Kwenye mashine za plastiki matokeo yake ni mabaya zaidi. Plastiki ya PVC ikizidishiwa joto hutoa gesi ya asidi inayochoma macho, koo na mapafu. Nyingine huwaka moto.

Dawa yake ni kifaa cha pili cha kukata umeme joto likizidi, chenye sensa yake na swichi yake, kisichotegemea chipu ile. Chipu isiwe hakimu wa makosa yake mwenyewe. Kifaa hicho ni kidogo na bei yake ni ndogo ukilinganisha na mashine, wala tusiseme ukilinganisha na mkono wa mtu. Kila tawi lidai kiwepo kwenye kila mashine yenye hita.

DAFTARI NA SAA YA MKONONI

Ndugu, usifungue kijisanduku wala usibadili namba zake. Ndani mna volti 240, na ukigusa namba umempa mwajiri sababu ya kukulaumu. Silaha yako ni daftari. Mmoja atazame saa, mwingine aandike namba ya joto kila sekunde 5, kwa dakika 10. Andikeni pia rilei inapolia au taa ya hita inapowaka. Kisha tazameni:

1. Joto likipanda na kushuka mara moja kwa kila mlio wa rilei, mzunguko ni mrefu mno kwa chuma hicho.

2. Joto likipanda na kushuka polepole, kwa dakika kadhaa, na milio mingi ndani ya wimbi moja, basi P, I na D hazikupangwa vizuri.

3. Joto likitulia lakini paketi zinavuja, tafuteni kwingine: uchafu kwenye chuma, mbano dhaifu, muda mfupi wa kubana, nailoni nene kuliko ya zamani, au sensa iliyo mbali na mahali pa mshono.

4. Joto likiendelea kupanda wakati taa ya hita imezima, swichi imeshikana. Bonyeza kitufe cha kusimamisha, ondoka, ita fundi.

5. Namba ikishuka ghafla wakati chuma bado kinaunguza, sensa imetoka au imeharibika. Fanya kama namba 4.

Andikeni tarehe, saa, namba ya mashine na majina ya waliopo. Karatasi moja ya namna hiyo mbele ya meneja ina uzito kuliko kelele za watu ishirini.

SHERIA NA MADAI YETU

Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaruhusu mshahara kukatwa pale tu na kwa kiasi kile kilichowekwa na sheria ya nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo. Tanzania, kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, mwajiri anayetaka kufidiwa hasara lazima ionekane kuwa ni kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi sababu na kiasi, ampe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, makato ya namna hiyo yanahusu uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuhakikisha mashine ni salama na wafanyakazi wamefundishwa.

Mkataba Namba 155, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu za maana za kuamini kuwa kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake alindwe asidhurike kwa kufanya hivyo. Mwaka 2022 mkutano wa Shirika hilo uliuweka mkataba huu kati ya mikataba ya msingi. Tangu hapo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuheshimu misingi yake, hata ile ambayo haijautia saini.

Kwa hiyo katika majadiliano ya mkataba wa pamoja, matawi yadai mambo matano:

1. Pasiwe na makato ya paketi au bidhaa mbovu kabla fundi na mwakilishi wa wafanyakazi hawajaipima mashine pamoja.

2. Kila mashine yenye hita iwe na kadi inayoonyesha aina ya swichi, sekunde za mzunguko, namba za P, I na D, tarehe zilipowekwa na jina la aliyeziweka.

3. Kuwe na kifaa cha pili cha kukata umeme joto likizidi, na kijaribiwe kwa ratiba.

4. Rilei zibadilishwe kwa hesabu ya siku zake, zisingojewe mpaka zishikane.

5. Muda wa kusubiri mashine ipate moto ulipwe, na bidhaa za mwanzo baada ya umeme kurudi zisihesabiwe dhidi ya mfanyakazi.

Madai haya hayamwonei mwajiri. Mashine iliyopangwa vizuri inampunguzia nailoni inayotupwa, umeme na rilei. Meneja mwenye akili akionyeshwa hesabu ya digrii 5 na nusu digrii ataona faida yake mwenyewe. Asiyetaka kuona, basi tumkute na karatasi zetu mbele ya ofisa wa kazi.

Matawi yanayopata matokeo ya vipimo vyao yayapeleke kwa katibu wa tawi, na katibu ayapeleke makao makuu, ili kiwanda kimoja kikijifunza jambo, vingine visianze upya.

Umoja ni nguvu.